Bibi, Mashine ya Mlangoni

Fundi Rehema ananiambia vijana wapya hapo karakana wanauliza ile nafasi tupu karibu na mlango, penye madoa ya mafuta yasiyotoka hata yakisuguliwa, palikuwa na kitu gani. Palikuwa na Bibi. Nimeona niandike mwenyewe kabla hamjahadithiwa na mtu mwingine, maana najua watu wa hapo mnavyopenda kutia chumvi. Mimi ni Anastazia, Mama Neema, yule ambaye wenzenu walimwita Mama Fundi akiwa karibu na jina lingine akiwa mbali. Nimekereza vyuma hapo mtaa wa Gerezani tangu nikiwa msichana mpaka nilipostaafu juzi juzi. Habari za vyeo na mshahara sitaziandika. Vyeo havikuwa vingi, na mshahara mnaujua.

Siku ya kwanza nilifika na cheti cha chuo cha ufundi na suruali mpya ya kaki ambayo mama yangu aliilalamikia tangu Moshi. Mwenye karakana, Mzee Hasanali, alikuwa akitoka Upanga kila asubuhi na chupa yake ya chai, anakaa kwenye meza yake ya pembeni, na kutoka hapo hakuna kinachompita. Alinitazama, akaitazama suruali, kisha akamwita fundi mkuu.

"Shomari, huyu mtoto wa kike mpe Bibi. Hawezi kumharibu zaidi."

Wanaume wakacheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu sikujua Bibi ni nani.

Bibi ilikuwa mashine ya kukereza, kongwe kuliko zote pale, nyeusi kwa grisi, na kibati cha jina la waliomtengeneza kilikuwa kimesuguliwa na mikono ya watu mpaka hakisomeki. Hata Mzee Hasanali alimkuta tu. Nyie mnaotumia mashine zenye kioo na namba zinazowaka mtanivumilia nieleze kazi yake. Taya zinashika kipande cha chuma na kukizungusha, na kisu kinapita pembeni kukimenya, kama unavyomenya chungwa kwa kulizungusha wewe badala ya kisu. Kisu kinakaa juu ya kigari, na kigari kinateleza chenyewe juu ya kitanda cha chuma kirefu. Kitanda kikinyooka, kazi inanyooka. Kitanda cha Bibi hakikuwa kimenyooka.

Kilikuwa kimelika karibu na taya, kwa sababu kazi nyingi ni fupi na kigari hushinda hapo hapo miaka nenda miaka rudi. Kila kigari kilipofika sehemu hiyo kilikaa nyuma kidogo, kisu kikakwepa chuma, na kipande kikatoka kinene upande wa taya. Unene wenyewe ni wa unywele tu, lakini unywele huo unatosha kufanya beringi igome kuingia. Nilimuuliza Mzee Shomari kwa nini hawatengenezi kitanda. Akaonyesha kwa kidevu meza ya Mzee Hasanali. "Mwambie yule afunge mashine miezi kadhaa. Ukitoka hai, nijulishe."

Mzee Shomari alikuwa mtu wa Kariakoo, wa kuzaliwa, mwenye kofia ya viua hata akiwa ndani ya ovaroli, na mdomo mchungu mpaka apate kahawa ya pili. Kufundisha kwa maneno hakukuweza. Alisimama nyuma yangu, akaweka mkono wake juu ya mkono wangu kwenye kile kishikio kidogo kinachosogeza kisu ndani, na kigari kilipokaribia sehemu mbovu akausukuma mkono wangu kidogo sana. "Hapa unampa," akasema. Kigari kikasogea tena. "Na hapa unampa tena." Tulikiita hivyo hivyo, kumpa Bibi. Ukimpa kidogo mno kazi inatoka nene, ukimpa sana inatoka nyembamba. Hakukuwa na alama popote. Nilirudia mpaka nikaanza kusukuma hewa nikiwa nimelala, na dada niliyekuwa naishi naye akaniuliza kama nina degedege.

Kazi iliyonifanya nijione fundi ilikuwa ya mtu wa matbaa, mpangaji wa jengo moja pale Mchafukoge, aliyekuwa akichapa kadi za harusi. Mfanyakazi wake alisahau spana ndani ya mashine, mashine ikaitafuna, na shafti ndefu ya rola ikapinda. Ilikuwa msimu wa harusi. Mzee Shomari hakuja kazini siku hiyo, alikuwa na homa, na Mzee Hasanali alikuwa ameshachukua kazi na kuahidi. Yule bwana alikaa juu ya debe tupu karibu yangu akinitajia mabibi harusi mmoja mmoja kwa majina, na kila jina lilikuwa linanipanda kichwani. Mwishowe nikamwambia, "Kaka, wote wataolewa. Nenda kanywe chai." Nikakereza shafti mpya mwanzo hadi mwisho, nikimpa Bibi pale panapostahili.

Siku iliyofuata ililetwa kadi moja karakana kama shukrani. Wino ulikuwa sawa pembe hadi pembe. Mzee Shomari aliigeuza mara kadhaa.

"Ulimpa?"

"Nilimpa."

"Wapi?"

"Palepale."

Akaiweka kadi mfukoni na kwenda kunywa kahawa. Wale waliomjua wataelewa kwamba nilikuwa nimesifiwa mbele ya watu.

Baada ya hapo Bibi akawa wangu. Naye niliukerezea mji shafti za mashine za kukamua miwa, za kukuna nazi, za kusaga unga, na kitu kimoja cha bwana mmoja wa Upanga ambacho mpaka leo sijui kilikuwa cha nini, ila kiliingia. Mzee Shomari alistaafu, na miaka michache baadaye akafariki. Nilikaa msibani na wanawake nikalia kuliko baadhi ya ndugu zake, na sikuona haya. Mashine mpya zikaja, na mafundi wapya wakaja pamoja nazo. Rehema ni mmoja wao. Alianza na mashine mpya na hakuwahi kukaa kwa Bibi hata wiki moja, kwa sababu mimi sikumpa nafasi. Mtu akigusa mashine yangu nilikuwa namtazama mpaka akumbuke ana kazi mahali pengine.

Nilipostaafu, karakana ilikuwa tayari mikononi mwa Aliraza, mtoto wa Mzee Hasanali, kijana mwema anayeongea na simu mbili kwa wakati mmoja. Alinipa saa ya ukutani. Nikamuuliza Bibi anaenda wapi, akasema watu wa chuma chakavu watakuja kumkata vipande, maana nafasi inahitajika. Nikamwambia nashukuru kwa saa, lakini zawadi yangu naitaka ile pale mlangoni. Akashusha simu zote mbili.

"Mama Fundi, utamfanyia nini?"

"Nitamtengeneza kitanda. Nimesubiri ruhusa kwa baba yako ujana wangu wote."

Mume wangu ana duka la vipuri vya cherehani Kariakoo, na kwa sababu hiyo si mtu wa kushangazwa na chuma. Hata hivyo hili lilimshinda. "Mama Neema," akasema, "wenzako wakistaafu wanafuga kuku." Nikamjibu kwamba kuku hana gia. Akaguna, na kesho yake akatafuta gari.

Dereva wa kirikuu, yaani pikapu ndogo, alimtazama Bibi, akaitazama gari yake, akasema, "Mama, hii itapiga magoti," akaondoka bila kuaga. Tukapata Fuso yenye winchi mpaka mwanzo wa mtaa wetu, Mchafukoge. Kutoka hapo wapagazi wa Kariakoo walimviringisha juu ya vipande vya bomba la maji, wakilitoa bomba la nyuma na kuliweka mbele, wakitukana kwa adabu kwa sababu nilikuwepo. Mkubwa wao, Chidi, alijifuta jasho akaniuliza, "Mama, hii ni ya kukoboa?"

"Ya kukereza."

"Inatoa nini?"

"Kwa sasa, inatoa jasho lako."

Sisi tunapanga ghorofa ya pili katika nyumba ya Bi Zuhura. Bi Zuhura ni mtu wa mjini wa tangu na tangu, anaishi chini, na uani kwake kuna stoo iliyokuwa tupu. Nilikuwa nimemwomba nimweke Bibi humo, na nakiri nilimwambia ni "kimashine". Alipotoka na kukuta ukuta wa chuma unaingia uani kwake, alijitanda khanga vizuri, akakaa kwenye kiti chake.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Hicho ndicho kimashine?"

"Ndicho."

"Na kimashine kikubwa kikoje?"

Hakunifukuza. Lakini mpwa wake Twaha anauza vyombo vya plastiki kwa jumla, na alikuwa ameanza kuitamani ile stoo kwa mizigo yake. Bi Zuhura akaamua papo hapo, mbele yetu wote. Nimepewa mpaka Idi. Idi ikifika mashine inafanya kazi ya maana, ibaki. Idi ikifika ni chuma tu kilichokaa, Twaha alete watu wa chuma chakavu. Twaha akasema kwa upole kwamba anao watu wake tayari. Nilimwambia awaambie wasubiri sana.

Sasa nyie mnaopenda kujua kazi ilifanywaje, ndiyo hii. Nilimfungua Bibi mpaka akabaki kitanda kitupu. Kila bolti niliosha kwa mafuta ya taa na kuitia kwenye kopo pamoja na majirani zake, maana ukichanganya bolti za mashine ya zamani utakuja kujuta siku ya kurudishia. Chini ya grisi nikakuta rangi tatu, kijivu juu ya kijani juu ya kijivu kingine. Mota yake ilitaka umeme wa fezi tatu, na nyumba ya Bi Zuhura ina fezi moja ya kuwashia friji na televisheni, nikaitoa na kufunga mota iliyokuwa ya mashine ya unga. Hayo ni mambo ya wiki chache tu.

Kitanda ndicho kilichochukua miezi. Nilipata rula ndefu ya chuma, nzito, iliyonyooka kwelikweli, ya kuazima kwa fundi ninayeheshimiana naye. Unaipaka rangi ya bluu nyembamba, unaisugua juu ya kitanda, unaiinua. Palipo juu panashika rangi, palipoliwa panabaki peupe. Kisha unachukua chombo cha kukwangua, changu nilikichonga kutokana na tupa ya zamani, unakwangua penye rangi peke yake, unafuta, unapaka, unarudia. Siku ya kwanza rangi ilishika upande mmoja tu, na upande wa taya pakawa peupe kabisa. Nilikaa nikatazama lile shimo ambalo mkono wangu ulikuwa ukilijua siku zote lakini macho hayakuwahi kuliona. Nilifurahi ajabu. Nilimwita mume wangu ashuke aje aone, akashuka, akasema ni peupe.

Nilikwangua asubuhi hadi adhuhuri, kila siku isipokuwa Jumapili. Mabega yaliniuma, viganja vikaota sugu mpya juu ya sugu za zamani. Watoto wa nyumba walizoea sauti ile, na Bi Zuhura alileta kiti chake karibu na mlango wa stoo, akawa ananisimulia talaka za mtaa mzima huku mimi nikikwangua. Mfungo ulipoingia aliacha kuniletea chai, akaniletea futari jioni ingawa mimi ni Mkristo, na nilikula yote. Rangi ya bluu ikaanza kutawanyika, madoadoa, kisha madoadoa ya karibu karibu, kisha ikashika kitanda chote kuanzia taya hadi mkiani. Kwa kuwa kitanda kimeshuka, kigari nacho kilishuka, nikakiinua kwa vipande vyembamba vya shaba ili skrubu ndefu isipinde. Nikarudishia kila kitu. Nikawasha. Bibi alizunguka kimya, na mimi nikapiga kigelegele peke yangu stooni.

Wiki ya mwisho ya mfungo pampu ya nyumba ikafa. Ndiyo inayopandisha maji kwenye tangi la juu, na ni pampu ya zamani, nzito, ambayo Kariakoo nzima haina kipuri chake. Tuliifungua tukakuta shafti imelika mpaka inacheza. Nyumba nzima ikaanza kupandisha madumu kwa ngazi, watu wamefunga, jua kali, na Idi ile pale. Bi Zuhura alinitazama. Kazi ya maana ilikuwa imejileta yenyewe.

Mume wangu alipata chuma kizuri kwa rafiki yake muuza vyuma, cha kutosha shafti tatu na si zaidi, kwa sababu maduka mengine yalishafunga kwa ajili ya sikukuu. Nikasema moja inatosha. Uani kulijaa. Walikuwepo wapangaji na madumu yao, alikuwepo Bi Zuhura kitini, na Twaha alisimama pembeni na funguo za gari mkononi. Nikakereza kwa madaha yote niliyonayo, chuma kikajikunja kwa nyuzi ndefu za kung'aa. Nilipozima nikapima mwisho mmoja, nikapima na upande wa taya.

Upande wa taya ulikuwa mwembamba. Bushi, ile pete inayoishika shafti, ilicheza hapo kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

Nikasema kisu kimeteleza, nikachukua kipande cha pili. Nikakaza kila kitu, nikafuta kitanda, nikakereza polepole zaidi. Kikatoka vilevile, chembamba pale pale, kwa kiasi kile kile. Twaha alisema, bila ubaya, "Mama, labda imechoka tu." Mtu mmoja akainua dumu lake akaanza kupanda ngazi. Nilijiambia nimekwangua vibaya. Nilijiambia miezi yote ile nimeharibu kitanda kwa upande mwingine, na kwamba kama ningemwacha na ubovu wake angekuwa anafanya kazi sasa hivi. Nilikaa juu ya ndoo nikalia, mbele ya watu, sikujali.

Mume wangu ndiye aliyempigia Rehema bila kuniuliza. Alikuja na bajaji kutoka Gerezani akiwa bado na ovaroli.

"Shikamoo Mama. Shikamooni wote. Kuna nini?"

Nikampa vile vipande viwili. Akapima, akachuchumaa akatazama kitanda, akapitisha kidole. Akaomba kipande chochote kibovu, nikampa bomba la zamani. Akalifunga, akawasha, akakereza. Nilisimama pembeni kwa mara ya kwanza nikitazama mtu mwingine akimwendesha Bibi, na iliniuma. Akapima mwanzo, akapima katikati, akapima kwa taya.

"Mama, mbona iko fresh?"

"Haiwezekani."

"Pima wewe."

Nikapima. Lilikuwa sawa kila mahali. Nikamwambia aniachie, nikalifunga tena bomba lile lile, nikakereza nikiwa nimekodoa macho kwenye kisu. Rehema hakutazama kisu. Alitazama mkono wangu wa kulia. Kigari kilipokaribia taya akanyoosha kidole.

"Hapo, Mama. Umesukuma."

"Sijasukuma."

"Umesukuma. Angalia."

Nikaangalia. Mkono wangu, umetulia juu ya kile kishikio kidogo kama umepumzika, ulikuwa unampa. Sikuwa nimeuamuru. Nilirudia nikijua kabisa, nikiwa nimeubana, na bado ulipofika pale ulisukuma, unywele tu, halafu ukasukuma tena. Kitanda kilikuwa kimenyooka. Mimi ndiye niliyebaki na shimo lake.

Nilicheka mpaka Bi Zuhura akauliza kama nimepatwa na kitu. Nikawaeleza, na walionielewa wakacheka nami. Kisha kikabaki kile kipande cha mwisho cha chuma kizuri, na watu wenye madumu. Nilikitaka sana kipande kile. Nilikuwa nimemkwangua Bibi kwa mabega yangu mwenyewe, na kazi yake ya kwanza ya maana nilitaka itoke mkononi mwangu. Lakini maji hayangojei fahari ya mtu, na mkono wangu siku ile haukuwa wa kuaminiwa. Nikamwambia Rehema, "Kereza."

"Mama, mashine yako hii."

"Kereza, mwanangu. Watu wamefunga."

Shafti ikaingia kwenye bushi kwa kusukumwa na kidole gumba. Pampu ikanguruma, na baada ya muda watoto wa juu wakapiga kelele kwamba bomba linakohoa. Bi Zuhura akainuka kitini. "Twaha, mwanangu," akasema, "vyombo vyako vya plastiki vitafutie pengine." Twaha akatia funguo mfukoni, akaniuliza kama naweza kumtengenezea bawaba za geti. Nilimwambia aje baada ya Idi.

Jumamosi baada ya Idi Rehema alikuja tena, kwa ombi langu. Tulifunga kipande cha bomba. Nikamwambia asimame nyuma yangu, na mkono wangu ukithubutu kusukuma, aupige.

"Nikupige wewe, Mama?"

"Mimi."

"Mama, jamani. Mimi siwezi."

"Kwa maneno mkono huu hausikii. Nipige."

Kigari kikasogea. Pale pale palipozoeleka kidole changu kikaanza kusogea, na Rehema akanigusa kwa ncha za vidole, kwa heshima zote, kama anayefuta vumbi kwenye picha ya marehemu. Nikamwambia kwa namna hiyo tutazeeka wote wawili. Tukarudia. Safari hii alisita, akavuta pumzi, akasema, "Samahani, Mama," na akanichapa kofi la nguvu juu ya mkono. Bi Zuhura alitoa sauti ya mshtuko uani.

Niliinua mkono, nikauweka kifuani na kuubana hapo. Kisu kikapita peke yake mpaka kwenye taya, bila kupewa kitu.